Kiti cha Nyuma

Muuzaji alikubali kulishikilia gari hadi Ijumaa saa sita mchana, na leo ilikuwa Jumatano. Dereva alikuwa ameshakwenda kulitazama mara nne. Mara ya kwanza alipita nje tu, mikono mgongoni, akajifanya anasubiri mtu. Mara ya pili aliingia, na mlinzi wa duka akamwuliza kwa adabu zote gari la bosi ameliegesha wapi. Mara ya tatu alivaa koti. Mara ya nne ndipo alipokaa kwenye usukani, mlango ukafungwa kwa ule mlio mzito anaoujua yeye, makelele yote ya barabarani yakabaki nje, naye akatoka humo ameshakata shauri.

Lilikuwa gari dogo, la kuegesha popote. Ila nembo iliyokuwa mbele yake ilikuwa ile ile ya gari refu jeusi alilomwendeshea Mkurugenzi miaka ishirini na saba, na kwa sababu ya nembo hiyo bei yake ilikuwa ya kusomwa mara mbili, mtu akidhani wameongeza sifuri moja kwa bahati mbaya. Kiinua mgongo chake kilitosha. Kilitosha, kikabaki cha bima na mafuta ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo nyumba ingeishi kwa pensheni yake na cherehani ya mkewe.

Shida ni kwamba fedha zilikuwa kwenye akaunti ya watu wawili. Miaka yote ile Dereva hakuwa na nafasi ya kufika benki mchana, kwa hiyo walifungua akaunti ya pamoja, na bila saini ya mkewe haikutoka hata senti. Mkewe alipoambiwa habari za gari siku ya Jumapili hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kupinda pindo la pazia.

Alikuwa mshona mapazia, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana yake. Meza ya kukatia katikati, cherehani karibu na dirisha, na juu ya makochi vitambaa vya wateja vimekunjwa kwa mpangilio ambao yeye peke yake aliuelewa. Kwa miaka ishirini na saba mpangilio huo haukumkwaza mtu. Watoto walikua wakaondoka, na mume alitoka alfajiri akarudi wengine wamelala. Sasa ulikuwa mwezi mmoja tangu Dereva astaafu, na bado hajapata pa kukaa. Akikaa huku, amekalia kipimo cha mtu. Akihamia kule, amemzibia mkewe mwanga. Asubuhi aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akapiga viatu rangi, akanyoosha shati, kisha akasimama katikati ya chumba amevaa vizuri, hana pa kwenda.

"Sukari iko wapi?" aliuliza Jumatano hiyo, kikombe mkononi.

"Si pale."

"Pale wapi?"

"Pale inapokaa siku zote."

Dereva alifungua kabati moja, akakuta nyuzi. Akafungua la pili, akakuta nyuzi tena. Mkewe aliinuka, akampita bila kumgusa, akatoa kopo la sukari nyuma ya birika, akamwekea mezani. Wote wawili waliona aibu, kila mtu kwa upande wake.

Jioni akaja jirani yao, fundi wa magari, mtu wa maneno mengi na mikono isiyotakata hata siku ya sikukuu. Habari alikuwa nazo tayari. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akaanza bila hata kuzunguka.

"Dereva, mimi nakuheshimu kama kaka. Lakini hapo unatupa hela. Gari jipya ukishalitoa getini tu, limeshakuwa la mtumba. Dakika mbili! Yadi kuna moja, nembo hiyo hiyo, la miaka sita, theluthi ya bei. Injini nitaisikiliza mwenyewe."

"Alikuwa nalo nani?"

"Nitajuaje? Mtu."

"Ndiyo hivyo," Dereva alisema. "Mtu. Gari lina harufu ya mtu, kiti kimebonyea kwa makalio ya mtu. Magari yote niliyoendesha yalikuwa na mwenyewe. Nataka moja tu ambalo halijawahi kuwa na mtu."

Fundi alicheka hadi akashika mbavu. "Haya, lisilo na mtu. Na humo ndani utampakia nani? Watoto wako mbali, kazi huna, sokoni shemeji anakwenda kwa miguu. Utajipakia mwenyewe?"

Cherehani, iliyokuwa ikipiga kelele muda wote huo, ilinyamaza. Mkewe alikuwa amekata uzi. Alisubiri kusikia mumewe atajibu nini, uso ameuinamisha kwenye kitambaa. Dereva alisema barabara ni nyingi, mtu hakosi pa kwenda. Cherehani ikaanza tena, kwa kasi zaidi.

Usiku ule binti yao mkubwa alipiga simu. Alizungumza na mama yake peke yake, kama alivyofanya siku zote, maana baba hakuzoeleka kwenye simu. "Mama, usitie saini," alisema. "Mwezi huu mmoja ndio umemwona baba. Akipata gari, umempoteza tena." Mama alijibu kwamba yeye hakuwa amempata bado. Alisema kwa mzaha, na binti akacheka, lakini simu ilipokatika mama alibaki amekaa, na wala hakuona cha kuchekesha. Siku Dereva alipoagwa kazini, mama alikuwa amenunua mito miwili mipya ya kochi na kukisafisha kiti kimoja kisiwekwe kitambaa. Alingoja mume aje akae hapo wazungumze. Mume alikuja, akakisogeza kiti vizuri hadi ukutani, akasimama pembeni yake.

Alhamisi asubuhi Dereva aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumpigia simu Mkurugenzi. Alitaka maoni yake kuhusu rangi ya gari. Mkurugenzi alikuwa na msimamo wake juu ya rangi: nyeupe ni ya watu wa harusi, nyekundu ni ya vijana. Dereva aliwaza pia, ingawa hakukiri moyoni, kwamba mzee angefurahi kusikia.

"Hallo, nani mwenzangu?"

"Dereva, mzee."

"Dereva? Dereva ninaye hapa."

"Yule wa zamani, mzee."

"Aaa! Wewe! Habari za mapumziko? Sikiliza, niko kikaoni. Nitakupigia."

"Sawa, mzee. Haina shida, mzee."

Simu haikukatwa papo hapo. Kwa sekunde kadhaa Dereva alisikia mlio mdogo, tik, tik, tik, na mlio huo hakuhitaji kuambiwa ni wa nini. Ni indiketa ya gari lile jeusi. Hakuna kikao. Wako kwenye taa za karibu na ofisi wakisubiri kukata kulia, na taa zile kwa saa hizi hupitisha magari sita tu, kwa hiyo dereva mpya alikosea kushika njia ile. Kisha simu ikakatika. Dereva aliishika mkononi hadi saa nne na nusu. Mkurugenzi hakupiga.

Mkewe alikuwa sebuleni na pini mdomoni, na ukuta ule haukuwa mnene. Kila "mzee" aliisikia. Ilimuuma. Ilimuuma kama aliyetukanwa yeye, akashangaa kwamba bado anaweza kuumia kwa ajili ya mtu huyu asiyejua sukari iliko. Alitema pini, akagonga mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Kesho nitakwenda nawe," alisema. "Nikalione."

Dereva alisimama haraka kama aliyefumaniwa. "Utatia saini?"

"Nimesema nikalione."

Moyoni alikuwa ameshaamua kukataa. Ila alitaka kukataa akiwa ameliona, asije akaambiwa maisha yake yote kwamba alikikataa kitu asichokijua.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya taratibu, miguu imechoka ndani ya viatu vya kazi. Mwezi huo alikuwa hajauza hata gari moja. Aliwaletea maji, akamwita mke "mama yetu", akamsifia gauni. Mke alikuwa amevaa gauni zuri kweli, lakini dukani humo, kwenye sakafu inayong'aa vile, aligundua uzi wa kijani umenasa kwenye mkono wa gauni, akautafuna ukakatika akidhani hakuna anayemtazama.

"Kawaida tunatoka na mteja," muuzaji alisema, akimpa Dereva ufunguo. "Lakini mzee ameyaendesha magari yetu kuliko sisi sote. Nendeni wenyewe. Nusu saa."

Dereva alilizunguka gari mara moja, akatazama matairi, akafuta kioo cha pembeni kwa leso. Halafu akaenda upande wa kushoto, akafungua mlango wa nyuma, akasimama wima pembeni yake, kiganja kimoja amekiweka juu ya mlango ili anayeingia asijigonge kichwa.

Mkewe aliutazama mlango wa mbele, uliokuwa umefungwa. Akakitazama kile kiganja. Alisubiri mumewe aone alichofanya, lakini mumewe alikuwa akitazama mbele, kidevu juu, uso hauna hili wala lile. Muuzaji aliona, na akajishughulisha na karatasi zake. Mke aliinama, akaingia nyuma. Mlango ukafungwa polepole.

Walitoka. Kwa muda alitazama kisogo cha mumewe, nywele zimeingia mvi pande zote mbili, kola imenyooshwa sawasawa. Kutoka nyuma alionekana mtu mwingine, mtu aliyetulia. Mabega, ambayo nyumbani yalikuwa juu muda wote kama ya mtu anayeogopa kuangusha kitu, yalikuwa yameshuka.

"Mama, baridi haijazidi?"

Alishtuka. Alidhani amesikia vibaya, sauti ilivyokuwa laini. "Haijazidi."

"Ikizidi uniambie. Mbele hapo kuna tuta, tutalipita taratibu."

Wakalipita, na kweli hakulisikia.

"Jua linakupiga upande huo, mama. Sogea kidogo kulia. Au nishike barabara ya juu, kuna miti."

"Shika ya miti," alisema.

Macho ya Dereva yalipanda kwenye kioo cha ndani, yakamwangalia, yakarudi barabarani. Alikuwa akimwangalia kila baada ya muda mfupi, kuona kama yuko sawa. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumwuliza jua linampiga upande gani. Kwanza alipandwa na hasira: kumbe anajua. Kumbe huruma yote alikuwa nayo, akiitoa nyumbani kila alfajiri na kumpelekea mtu mwingine. Halafu hasira ikalegea, na akajikuta anasema jambo ambalo hakupanga kulisema kwa mtu yeyote.

"Jicho langu moja linazima."

Gari halikuyumba. "Tangu lini, mama?"

"Mwaka wa pili huu. Sindano siioni tundu. Naomba wateja wanitungie uzi, nawaambia nimesahau miwani. Na miwani yenyewe sina."

"Daktari ameliona?"

"Hajaliona. Naogopa ataniambia niache kushona."

"Pole, mama," Dereva alisema. "Pole sana."

Akapunguza mwendo, wakazunguka barabara ya miti mara ya pili bila mtu kumwomba. Mke aliegemeza kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Huko nyuma, peke yake kwenye kiti cha ngozi, alisikia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwamba yuko na mtu.

Walipofika dukani Dereva alizunguka, akamfungulia. Mke akashuka, akasimama mbele yake, macho bado mekundu, akingoja. Mabega ya mume yalikuwa yamepanda tena.

"Eeh," Dereva alisema, akitazama boneti. "Umelionaje?"

Mke alimtazama asiamini. Kisha akampita, akaingia ndani, akavuta kiti mezani pa muuzaji.

"Lete ile karatasi ya benki," alisema. "Natia saini."

Muuzaji alifurahi kwa dhati, akasema alijua tu mama yetu atalipenda. Mke hakulipenda. Hata rangi yake hakuwa ameitazama. Alichotaka ni nusu saa nyingine, na nyingine, na kama bei yake ni kiinua mgongo kizima, basi iwe hivyo. Angekaa nyuma. Watu waseme watakavyo.

Dereva aliwekewa fomu yake. Alivua kofia ya kalamu, akajaza kwa ule mwandiko wake wa kupendeza, aina ya gari, rangi, tarehe. Miaka yote ile yeye ndiye aliyejaza fomu za duka hili kila gari jeusi lilipoletwa kwa matengenezo, na mkono uliijua njia. Kwenye "Dereva" aliandika jina lake. Kwenye "Mmiliki" aliandika jina la Mkurugenzi, lote, na cheo chake, akapiga mstari chini.

Muuzaji ndiye aliyeona kwanza. "Oh," alisema. "Hapana shida, mzee. Hata mimi hukosea. Nachapisha nyingine sasa hivi." Akaichukua, akaenda kwenye mashine upande wa pili wa ukumbi.

Dereva alibaki ameshika kalamu. "Mkono tu," alimwambia mkewe. "Umezoea."

"Najua."

"Mkono tu huo."

Lakini uso ulikuwa umemshuka. Alitazama kupitia kioo, gari likiwa limeegeshwa pale nje, dogo, safi, halijawahi kuwa na mtu, na akaona wazi kwamba angelinunua angeamka kesho saa kumi na moja alisafishe, alipashe moto, na kusimama pembeni yake kungoja. Hakuna ambaye angetoka.

"Twende nyumbani," alisema.

"Nilikuwa natia saini."

"Nimeona. Twende, tafadhali."

Muuzaji aliporudi na fomu mpya alikuta viti viwili vitupu na glasi za maji hazijaguswa. Aliingoja saa sita ifike, kwa kuwa aliahidi, halafu akaenda kukiondoa kwenye kioo cha gari kibandiko cha kwamba limeshikiliwa.

Nyumbani mke alitupa mkoba juu ya meza ya kukatia, mikasi ikaruka.

"Nilidhani utafurahi," Dereva alisema kutoka mlangoni. "Hukulitaka tangu mwanzo."

"Nifurahi nini? Nimekwambia jicho langu linazima. Nimekwambia wewe, hata watoto hawajui. Ukashuka ukaniuliza habari za gari!"

Dereva alitazama viatu vyake. "Ulisema ukiwa nyuma."

"Kwa hiyo?"

"Yanayosemwa nyuma hayatoki garini. Mlango ukifunguliwa hujasikia kitu. Wenzangu wangapi wamemwaga unga kwa kurudia neno moja tu? Nimesikia ndoa zimevunjika pale nyuma yangu, nimesikia watu wanafukuzwa kabla wenyewe hawajajua. Nikishuka, sina nilichosikia. Lakini nilisikia. Nilisikia yote."

"Mimi si bosi wako."

"Najua."

"Hujui. Nimekaa nyuma yako nusu saa, umeniuliza baridi, umeniuliza jua, umenipunguzia tuta. Humu ndani mwezi mzima umeniuliza sukari!"

Ilikuwa kweli. Mke alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akashika tama. Nje Fundi alikuwa akigonga chuma. Dereva alisogea hatua moja, akasimama. Alifungua mdomo, akamtazama mkewe machoni, akaufunga. Akajaribu tena.

"Nikikutazama usoni sijui pa kuanzia," alisema hatimaye. "Sikuzoea uso. Naona haya. Miaka yote mtu akizungumza nami yuko nyuma, mimi natazama barabara."

Mke alikuwa amechoka. Alijua kwamba atainuka baadaye kidogo, aweke maji ya chai, atoe kopo la sukari, na kwamba siku zilizobaki zitakuwa hivyo, watu wawili wanaopishana kwenye chumba kilichojaa mapazia ya nyumba za watu.

Dereva alitazama huku na huku. Kisha akaenda ukutani, akakichukua kile kiti kisichokuwa na kitambaa, akakileta katikati ya chumba. Akakiweka mbele ya kiti cha mkewe, kimempa mgongo, kimeelekea dirisha. Akakaa. Akainyoosha kola sawasawa. Mikono hakujua aiweke wapi, akaiweka magotini. Mtu angeingia saa ile angedhani wazee hawa wameingiwa na wazimu.

Mke alikitazama kile kisogo chenye mvi. Aliona mabega yakishuka, taratibu, moja kisha la pili.

Dereva alikohoa. Aliyakaza macho dirishani, kwenye ukuta wa jirani, ambako hapakuwa na barabara yoyote.

"Mama," alisema, "ni jicho la upande gani?"

"La kushoto," mkewe alijibu. Akasogeza kiti chake mbele kidogo, akaanza kumwambia yote tangu mwanzo, na Dereva akasikiliza bila kugeuka.